Saa, tochi na sumaku: mnunuzi anavyofanya kazi Brimfield

Brimfield ni mji mdogo wa Massachusetts, Marekani, kati ya Springfield na Worcester, na wakazi wake hawafiki 4,000. Mara tatu kwa mwaka, yaani Mei, Julai na Septemba, kuanzia Jumanne hadi Jumapili, mashamba yaliyo kandokando ya barabara namba 20 hujaa mahema, na wauzaji wa vitu vya kale humiminika kwa maelfu. Dalali Gordon Reid ndiye aliyeanzisha soko hilo mwaka 1959 kwenye eneo lake mwenyewe. Majirani walipoona magari yanavyofurika, nao wakafungua mashamba yao. Mpaka leo soko hilo halina mwenyewe mmoja. Kuna viwanja karibu 20, na kila kiwanja kina mmiliki wake, masharti yake na saa yake ya kufungua.

Nataka kuonyesha jinsi mnunuzi mzoefu anavyolifanyia kazi soko la namna hiyo, kwa sababu watu wanaoniuliza habari za Brimfield karibu wote huanza na swali la kupunguziwa bei. Bei ni jambo la mwisho. Anayeondoka na kitu kizuri kwa pesa ya haki huwa ameshashinda kabla hajafungua mdomo. Amezipanga saa zake vizuri na amekikagua kitu kwa mikono yake.

Tuanze na saa. Kwa utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, viwanja kadhaa hufungua Jumanne. Jumatano kiwanja cha New England Motel hutangulia saa 12 asubuhi, Heart-O-The-Mart hufuata saa 3, halafu Hertan's saa 6 mchana. Alhamisi saa 3 asubuhi ni zamu ya May's. Ratiba hubadilika, kwa hiyo iangalie upya kila msimu. Mantiki yake ndiyo haibadiliki. Katika baadhi ya viwanja muuzaji haruhusiwi kuuza chochote kabla ya saa ya kufungua, kwa hiyo mali iliyotoka kwenye maboksi asubuhi ile huonwa na watu wote kwa wakati mmoja. Kwenye kamba ya mlangoni utawakuta wafanyabiashara wamesimama na mikokoteni yao, tochi mkononi, na kamba ikishushwa wanakimbia. Wanachokikimbilia ni ile nusu saa ambayo kitu bado kina bei ya mwenye kukileta. Kikishanunuliwa na mfanyabiashara mwenzake, si ajabu ukakiona keshokutwa kiwanja cha pili kikiwa kimeongezwa bei.

Kwa hiyo mtu mwenye siku moja tu achague siku yenye viwanja vingi vinavyofungua kwa zamu, na hiyo kwa kawaida ni Jumatano, asiende Jumapili akitumaini bei za kutupa. Bei Jumapili hushuka kweli, lakini wengi huwa wamekwishafunga mizigo na kuondoka, na vilivyobaki ni vile vilivyopitiwa na macho ya kila mtu kwa siku tano.

Mzunguko wa kwanza ni wa haraka. Mzoefu hatazami juu ya meza, kwa maana huko muuzaji ameweka anachokijua. Hutazama chini ya meza, ndani ya maboksi, nyuma ya gari. Kama anatafuta kitu maalumu, haoni aibu: huuliza kwa sauti kila hema, "Una vyombo vya useremala? Una ramani?" na kusonga mbele akiambiwa hapana. Mzunguko wa pili ndio wa kuinama na kukagua. Kila nafasi ya muuzaji huwa na namba, nayo ipigwe picha kwa simu pamoja na kitu chenyewe, la sivyo utazunguka saa nzima ukilitafuta hema jeupe katikati ya mahema meupe.

Sasa ukaguzi, na hapa sitafanya haraka. Chukua mfano wa kabati la droo linalosemekana ni la mwaka 1820. Usianze na uso wake, kwani uso ndio uliosafishwa ili ununuliwe. Vuta droo moja uitoe kabisa, uigeuze, uimulike. Pembeni, pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni, kuna meno yaliyoingiliana. Meno yaliyokatwa kwa mkono huwa machache na hayalingani, na aghalabu utaona mstari mwembamba ambao fundi aliuchora ili ajue aishie wapi. Meno yanayolingana kabisa, yaliyopangana kwa nafasi sawa, yamekatwa kwa mashine, nayo hayakuenea hadi miongo ya mwisho ya karne ya 19. Pitisha vidole chini ya droo. Ubao uliopigwa randa ya mkono una mawimbi madogo ambayo jicho haliyaoni lakini kidole kinayahisi. Alama za msumeno zilizonyooka ni za zamani zaidi. Zilizopinda kama upinde zimeachwa na msumeno wa duara, ambao Marekani ulienea baada ya miaka ya 1830.

Misumari nayo inasema. Ule wa waya, wenye shina la mviringo na kichwa cha duara, haukuwa wa kawaida mpaka karibu na 1890. Skrubu yenye ncha kali haikuwepo sokoni kabla ya miaka ya 1840, na ile yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Msumari mmoja mpya hauhukumu kabati lote, pengine fundi alikarabati tu. Lakini ukikuta mipya kila mahali, au ukaona ndani ya droo kumepakwa rangi sawasawa na nje, jiulize. Mafundi wa zamani hawakuwa wakipaka rangi mahali pasipoonekana. Sehemu hizo zilisawijika zenyewe kwa hewa na vumbi, tena si kwa usawa. Tazama pia matundu upande wa ndani wa ubao wa mbele. Matundu yasiyo na kazi maana yake vishikio vya leo si vya kwanza, na hilo peke yake ni sababu ya kupunguza bei.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinahitaji tepu tu. Mbao hunywea kwa miaka, lakini hunywea kwa upana wa nyuzi zake na karibu hazinywei kwa urefu. Meza ya duara yenye miaka 200, kwa hiyo, si duara tena. Ipime kwa kufuata nyuzi, kisha ipime kwa kuzikata. Vipimo viwili vikilingana kwa milimita, meza hiyo haina umri inaodaiwa.

Sumaku ndogo ya mfukoni itakwambia kama shaba ni shaba: ikinata, ndani kuna chuma. Kwa vyombo vya udongo, geuza chini usome. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ile ya McKinley, ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kuanzia 1891. Sahani yenye neno Nippon kwa kawaida ni ya kati ya 1891 na 1921, maana baada ya hapo forodha ilitaka iandikwe Japan. Kijiko chenye neno Sterling ni fedha ya sehemu 925 katika 1,000. Chenye herufi EPNS kimepakwa fedha kwa juu tu, hata kama muuzaji anakiita fedha kwa moyo safi kabisa.

Bei yenyewe haina mengi. Beba taslimu, kwani mtandao wa simu huzidiwa na umati na si kila muuzaji anapokea kadi. Kumbuka kodi ya mauzo ya Massachusetts ni asilimia 6.25. Kitu unachokifikiria kishike mkononi, kwani maadamu unacho, kwa adabu ya soko hakuna mwingine atakayekitajia bei. Usikitukane. Uliza tu, "Bei yako ya mwisho ngapi?" Punguzo la asilimia 10 hadi 20 ni la kawaida, na ukichukua vitu vitatu kwa pamoja unaweza kupata zaidi. Ukitaja bei mwenyewe naye akaikubali, umenunua. Kuanza kusitasita hapo ni kumvunjia mtu heshima. Kitu kizito unachokiacha ukifuate baadaye kiandikiwe risiti yenye jina la muuzaji, namba ya nafasi na maelezo ya kitu.

Kuna kundi moja la bidhaa ambalo Mswahili hapaswi kulipita bila kusimama. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walikuwa Zanzibar tangu enzi za Sultani Sayyid Said. Mkataba wake na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na Richard Waters, mtu wa Salem, akawa konsuli wa kwanza mwaka 1837. Meli zao zilileta kitambaa cha marekani kutoka viwanda vya jimbo hilo, zikarudi na sandarusi na pembe za ndovu. Sandarusi ilisafishwa Salem ikawa vanishi, na huenda samani unayoimulika Brimfield inang'aa kwa utomvu uliochimbwa ardhini pwani yetu. Pembe ziliendelea hadi jimbo jirani la Connecticut, katika miji ya Ivoryton na Deep River, ambako viwanda viwili, cha Comstock, Cheney na cha Pratt, Read, vilizipasua kuwa vibao vyembamba vya vibonye vya piano. Kabla ya hapo zilikuwa zimebebwa mabegani kutoka Manyema, Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi na mara nyingine na watu waliotekwa.

Vibonye hivyo vingali vinauzwa, vikiwa kwenye piano kuukuu au vimebanduliwa na kutiwa kwenye boksi. Kuvitambua si kazi ngumu. Kibonye cheupe cha pembe kwa kawaida huwa na vipande viwili: kipana cha mbele na chembamba cha nyuma kinachopita kati ya vibonye vyeusi, na mahali vinapokutana pana ufa mwembamba kama unywele. Kimulike kwa ubavu utaona nyuzi hafifu zisizolingana. Cha plastiki huwa kipande kimoja, na kama kina nyuzi za kuigiza basi zimenyooka na zimepangana mno. Ushauri wa kuchoma kwa sindano ya moto usiufuate. Unaharibu mali isiyo yako.

Kisheria, kanuni ya serikali ya Marekani ya mwaka 2016 imebana mno biashara ya pembe za ndovu wa Afrika baina ya majimbo. Vitu vyenye miaka 100 au zaidi vimeachiwa nafasi, lakini mzigo wa kuthibitisha umri upo kwa anayedai kuwa ni vya kale, na neno la muuzaji peke yake halitoshi. Kuvusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kenya, iliyochoma tani 105 za pembe mwezi Aprili 2016, haitakusikiliza uwanja wa ndege ukieleza kwamba ulivinunua kihalali shambani Massachusetts. Aishiye huko na akapata piano nzima yenye karatasi za kiwanda na mwaka wake, ainunue na karatasi zake. Anayerudi Mombasa au Dar es Salaam aviache vibonye kwenye boksi lao, achukue randa ya mbao: nzuri zipo nyingi, zinaingia kwenye begi, na fundi wa kwao ataitumia.