Mafuta, Nguvu na Moshi: Maoni juu ya Fasiri ya Mwongozo wa Karakana

Ufundi wa magari ni uwanja ambamo Kiswahili kilizitangulia kamati za istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, gia, klachi na pampu zilikwisha kuwa midomoni mwa mafundi, nao hawakumwomba mtu ruhusa. Kwa sababu hiyo mswada wa fasiri uliotufikia hivi karibuni, unaoeleza namna ya kutafuta chanzo cha brekidauni kupoteza nguvu na kula mafuta mengi, unastahili kupimwa kwa jicho kali. Mfasiri ni mtu mwenye elimu na sentensi zake ni safi. Lakini usafi huo mara kwa mara unamficha fundi ugonjwa wa gari.

Tuanze na jina la gari lenyewe. Mswada unaliita "gari la uokozi", jina ambalo msomaji atalipeleka kwa zimamoto. Neno brekidauni limeenea na linaeleweka. Anayetaka la Kibantu kwa nyaraka rasmi, aseme gari la kukokotea.

"Uchumi duni wa mafuta" ni fasiri ya neno kwa neno. Mtumishi wa Hazina akiisoma atadhani anaelezwa habari za nchi zinazochimba mafuta. Mafundi husema gari linakula mafuta, na katika maandishi ulaji wa mafuta unatosha. Zaidi ya jina, lipo suala la kipimo. Gari lililokuwa likila lita 40 kwa kilomita 100, na sasa linakula lita 50, limepanda kwa hesabu hiyo. Lakini kwa hesabu ya kilomita kwa lita limeshuka kutoka 2.5 hadi 2. Mswada unasema tu kwamba "kiwango kimeshuka", bila kutaja kiwango gani. Tena brekidauni husimama saa nzima injini ikiunguruma ili kuendesha winchi, wala kilomita haziongezeki. Bila kutaja lita kwa saa, gari zima litahukumiwa kuwa bovu.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno mafuta. Mswada unaandika "mafuta ya injini" mahali pote, iwe ni dizeli inayoungua ndani ya silinda au ni oili inayolainisha vyuma. Katika mazungumzo haidhuru; hapa inadhuru, kwa kuwa uchunguzi wenyewe huanzia kwenye rangi ya moshi. Moshi mweusi ni dalili ya dizeli kuzidi hewa: pengine chujio la hewa limeziba, pengine mpira utokao kwenye tabo umepasuka na unavujisha, pengine nozeli inamimina badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo hushukiwa ringi za pistoni au tabo yenyewe. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto huashiria dizeli isiyoungua, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Sasa msomaji akiambiwa kwamba "mafuta ya injini yanaungua kupita kiasi", afungue nozeli au ashushe injini nzima? Gharama za kazi hizi mbili haziko karibu hata kidogo, na anayeidhinisha malipo ni mtumishi asiyeshika spana, ambaye ushahidi wake wote ni karatasi iliyo mezani. Huku lori limelala Mlima Kitonga likiziba njia ya Iringa, na brekidauni ya kulivuta imo karakana. Fundi yeyote wa gereji angesema dizeli na oili, basi.

Neno nguvu nalo limebebeshwa mzigo usio wake. Fizikia ya shuleni imekwisha kutupatia kani na nishati, lakini mswada unaita nguvu kila kitu: kile kinachopimwa kwa kilowati au kwa nguvu za farasi (nguvu ya farasi mmoja ni takriban wati 746), namna injini inavyosokota mhimili wake, na mvuto unaofika kwenye magurudumu. Fundi hutenganisha. "Injini haina nguvu" si sawa na "gari halivuti". Klachi ikiteleza, mizunguko ya injini hupanda na mwendo hauongezeki. Breki zikikamata bila kuachia, injini huhenya na gurudumu huwa moto baada ya safari fupi. Katika hali zote mbili injini ni nzima, na dizeli inaliwa. Tunapendekeza nguvu ibaki kwa kilowati, msokoto kwa mhimili, na mvuto kwa magurudumu. Walimu wa fizikia huenda wakalalamika kwamba mvuto unakaribiana mno na mvutano wa dunia, waandike.

Mahali pamoja mfasiri ametuzidi sote. Magari ya siku hizi yana kompyuta ambayo, ikihisi hitilafu kama vile chujio la masizi kuziba kwenye ekzosi, huipunguzia injini nguvu kwa makusudi ili isiharibike, na gari hufika karakana polepole. Mswada unaiita hali ya kuchechemea. Dereva aliyeiona taa ikiwaka kilimani hatahitaji maelezo zaidi. Istilahi hiyo tumeiingiza katika rasimu ya orodha yetu, na maoni ya wasomaji juu yake yanapokelewa.