Swali la Pili la Mgonjwa: Kitabu na Sinema Juu ya Wazande

Siku hizi waalimu wa vyuo vya wauguzi na vya waalimu hutakiwa kufundisha elimu ya desturi za watu katika habari ya ugonjwa na uganga. Yaani, watu wa mahali fulani huuonaje ugonjwa, humwendea nani kwanza, humwita nani dawa ya kwanza isipofaa, na husema nini juu ya sababu ya kifo. Elimu hii haifundishiki vema kwa orodha ya maneno ya kukariri. Yataka habari za watu walio hai, na habari hizo hutujia kwa njia mbili, kwa vitabu na kwa picha za sinema. Katika makala haya nataka kupima kitabu kimoja na sinema moja, vyote viwili juu ya kabila moja, tupate kuona kila kimoja chafundisha nini na chaficha nini.

Kabila hilo ni Wazande, wakaao katika nchi tatu zipakanazo: Sudan ya Kusini, Kongo, na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikaa kwao kwa vipindi kati ya mwaka 1926 na 1930, akajifunza lugha yao, na mwaka 1937 akatoa kitabu kikubwa kiitwacho “Witchcraft, Oracles and Magic among the Azande”. Mwaka 1976, miaka mitatu baada ya kufa kwake, kilitolewa tena kwa ufupi, kimepunguzwa na Eva Gillies, na hicho kifupi ndicho kinachomfaa mwanafunzi. Sinema yaitwa “Witchcraft among the Azande”. Ilitengenezwa na André Singer kwa televisheni ya Granada ya Uingereza mwaka 1982, akisaidiwa na John Ryle aliye mjuzi wa desturi za watu.

Nianze na kitabu. Thamani yake yaonekana katika mfano mmoja ambao kila asomaye huukumbuka. Katika nchi ya Wazande ghala ya nafaka ilijengwa juu ya nguzo, na wakati wa jua kali watu waliketi chini yake kupata kivuli, wakizungumza au wakicheza bao. Pengine ghala ilianguka ikawaumiza. Wazande walijua sana kwamba mchwa hula nguzo. Hawakuhitaji mgeni kuwafundisha. Walijua pia kwamba watu wale waliketi pale kwa kukimbia jua. Lakini waliuliza: kwa nini ghala hii imeanguka saa ile ile walipokuwa chini yake watu hawa, wala si wengine? Sisi tuliosoma shule husema ni bahati mbaya, kisha hunyamaza. Mzande hakusema bahati. Alisema mangu, yaani nguvu ya kudhuru iliyomo tumboni mwa mtu mwingine. Basi mchwa na mangu havikupingana. Wenyewe walifananisha mangu na mkuki wa pili: mwindaji mmoja humchoma mnyama, wa pili akamchoma tena, na nyama hugawanywa kati yao, kwa kuwa wote wawili wamemwua.

Ndugu waalimu, hapa ndipo lilipo somo la muuguzi. Mgonjwa aletwapo hospitali ana maswali mawili. La kwanza ni hili: nimepatwa na ugonjwa gani? La pili: mbona mimi, na mbona sasa? Daktari hulijibu la kwanza kwa ukamilifu: ni malaria, nayo huletwa na mbu. Mgonjwa hakatai. Lakini moyoni asema, “Mbu hutuuma sote nyumbani, mbona nimeanguka mimi, juma lile lile nililogombana na ndugu yangu juu ya shamba?” Swali hilo lisipopata wa kulisikia, haliishi, hutoka naye mlangoni likaenda kutafuta jibu kwingine. Wahenga husema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli katika habari ya uji. Lakini katika habari ya sababu aidhaniayo yafaa aulizwe, tena kwa upole. Wako waachao vidonge katikati, na si kwa ujinga, bali kwa kuwa vidonge havikujibu lile walilotaka kujua.

Jambo la pili ambalo kitabu chalieleza vema ni utaratibu. Ugonjwa ulipozidi, jamaa wa mgonjwa waliuliza benge. Benge ni sumu itokanayo na mmea utambaao. Ilichanganywa na maji, kifaranga akanyweshwa, na mwulizaji akataja jina la mtu. Kifaranga akifa jina lilithibitika, lakini kwa mara ya kwanza tu. Ilipasa kuuliza tena kwa kugeuza maneno, na mara hii kifaranga wa pili apone, ndipo neno liaminiwe. Hata hapo hapakuwa na ugomvi. Bawa la kuku aliyekufa lilipelekwa kwa mtu aliyetajwa, kwa mkono wa mjumbe wa mkubwa wa mahali. Naye alitia maji kinywani, akayapuliza juu ya bawa, akasema kwamba kama ni yeye basi hakujua, na kwamba amtakia mgonjwa apone. Kitabu hakifichi kwamba mgonjwa akisha kufa mambo yalikuwa mengine, na zamani kisasi au fidia vilifuata. Walakini kwa mgonjwa aliye hai njia ilikuwa ya maji na maneno ya adabu, ili majirani waweze kuonana tena kesho.

Sasa kasoro za kitabu. Mwandishi alikuwa na mtumishi jina lake Kamanga, akamtia katika chama cha waganga ili ajifunze siri zao. Mganga alipomtibu mgonjwa alimkanda, kisha akaonyesha kipande cha mkaa au cha mfupa, akisema kwamba amekitoa mwilini. Kumbe alikwisha kukificha katika majani ya kukandia. Siku moja, Kamanga alipokuwa akimtibu mgonjwa kwa mikono yake, mwandishi alikiondoa kwa siri kile kilichofichwa, na Kamanga akatafuta asione kitu. Habari yenyewe yafundisha sana, kwa kuwa baadaye waganga walikiri hila, wakasema kwamba kiponyacho ni dawa. Lakini msomaji ana haki ya kuuliza: mgonjwa aliyelala pale alikuwa nani katika jaribio hili? Kitabu chatueleza aibu ya mganga na werevu wa mwandishi, wala hakikai na mgonjwa. Muuguzi asijifunze mwendo huo. Mgonjwa si mahali pa kumfedhehesha mganga.

Kasoro ya pili yahusu serikali. Katika miaka ile Wazande walihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika, wakawekwa katika vijiji kando ya barabara, ili kupigana na ugonjwa wa malale. Sasa, kwa fikira zao mangu humdhuru jirani kuliko mtu wa mbali, na kwa hiyo walipenda kujenga nyumba mbalimbali. Basi amri iliyotolewa kwa ajili ya afya ya mwili iliwasogeza watu karibu na kile walichokiogopa zaidi. Mwandishi alitaja jambo hili, lakini akalipita. Kwa elimu yetu ndilo lililostahili sura nzima, maana hapo tabibu mwenyewe, bila kujua, ameingia katika habari ya ugonjwa.

Nageukia sinema. Ina jambo moja ambalo kurasa nyingi za kitabu haziwezi kulitoa, nalo ni uso wa mtu. Kitabini Mzande ni neno. Katika picha ni baba mwenye wasiwasi, ni mwanamke anayengojea hukumu, ni mzee anayesema na sumu kwa sauti ya kawaida kama asemavyo karani na daftari lake. Yaonyesha tena kwamba Ukristo umekwisha kuingia, wala imani za zamani hazikuondoka. Vyote viwili vimo katika mji mmoja, na pengine katika moyo mmoja. Jambo hili lawafaa sana waalimu na makasisi, maana kitabu, kwa kutaka kueleza fikira za Wazande kama kitu kimoja kizima, chaweza kumdanganya msomaji aone kwamba hawakuwa na jambo jingine moyoni.

Lakini sinema ina hatari yake. Jicho hushika kile kinachotikisika. Nimeionyesha kwa wanafunzi wauguzi, na baada ya picha kwisha nikawauliza wameona nini. Karibu wote walijibu, “Tumeona kifaranga akifa.” Wengine walicheka. Nilipouliza kwa nini yule mtu aliuliza swali lake, wachache sana waliweza kujibu. Kosa si lao. Kifo cha kifaranga huonekana, swali halionekani. Hapa sinema haishindi kitabu, tena yahitaji kitabu kiitangulie. Na jina la mfululizo ule wa televisheni, “Disappearing World”, yaani ulimwengu unaotoweka, lazidisha hatari. Lamwambia mtazamaji kwamba awatazama watu waliokaribia kwisha. Wazande hawakwisha, wala swali lao halikwisha. Liko katika kila wadi ya hospitali zetu.

Tena kuna neno ambalo mwalimu hana budi kulitoa yeye mwenyewe, maana linahitaji kutafutwa katika vyote viwili. Ni nani aliyeruhusiwa kuuliza, na ni nani asiyetajwa kamwe? Kitabu chasema wazi kwamba wanawake hawakuruhusiwa kuitumia benge. Chasema pia kwamba Wavongara, ukoo wa watawala, hawakushtakiwa kuwa na mangu. Basi uaguzi huu ulikuwa na mlango mmoja kwa wanaume na mwingine kwa wanawake, na ukuta kwa wakubwa. Mwanafunzi akisha kuliona hili, aitazame sinema mara ya pili, na yule mwanamke ashtakiwaye atamwona kwa jicho jingine.

Nakuja sasa kwenye maneno, ambayo ni kazi yetu hasa. Wazande hutenga mangu na dawa mbaya. Mangu ni kitu cha tumboni ambacho mtu huzaliwa nacho, mwana wa kiume kwa baba na binti kwa mama, na mtu aweza kuwa nacho asijue. Dawa mbaya ni kazi ya mikono, nayo hufanywa kwa kusudi. Neno letu uchawi labeba yote mawili. Mwalimu akisema uchawi tu, mwanafunzi hawezi kufahamu yule mtu apulizaye maji asema kweli gani anaposema kwamba hakujua, atamwona mwongo. Shauri langu ni kuliacha neno mangu kama lilivyo na kulieleza, na ile nyingine kuiita dawa ya kudhuru. Kadhalika tusiiite benge ramli, kwa kuwa ramli ni hesabu ya mchanga, nayo ina historia yake. Kuagua ni neno pana zaidi, lafaa. Na mahali pengine Kiswahili chapita Kiingereza cha kitabu: sisi tuna mganga atibuye, na mwaguzi atafutaye sababu, hali kitabu chawaita kwa jina moja linalomfanya kila mmoja aonekane mpambanaji na wachawi.

Labda kasisi mmoja atasema, “Kufundisha mambo haya si kuyapa nguvu?” Swali hili ni zito, wala halifai kujibiwa kwa mzaha. Huko Usukuma, kwa miaka mingi, wazee wanawake wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa dalili, hali mara nyingi macho yale yamewekundishwa na moshi wa jikoni. Sheria ya uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilikataza kumsingizia mtu uchawi. Walakini sheria peke yake haikuliondoa swali lililomfikisha mtu kwenye panga. Evans-Pritchard mwenyewe alisema waziwazi kwamba wachawi, kama Wazande walivyowafikiri, hawawezi kuwapo, na huku akatumia kitabu kizima kueleza kwa heshima namna walivyofikiri. Kufahamu si kukubali. Muuguzi anayefahamu atasikia jina la bibi kizee likitajwa kando ya kitanda cha mtoto, naye atajua kwamba hapo pana wagonjwa wawili wa kulindwa, mtoto na yule bibi. Asiyefahamu atalisikia jina lile asitambue hatari yake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kitabu, hasa kile kifupi cha mwaka 1976, kinastahili kuwamo katika kila chuo cha wauguzi, pamoja na kasoro nilizozitaja. Sinema inastahili kuonyeshwa, lakini isitangulie, wala isionyeshwe pasipo mwalimu. Wanafunzi wasome kwanza sura ya ghala, na habari ya bawa na maji. Kisha waone picha, na mwalimu asimamishe mahali kifaranga anaponyweshwa, aulize: mtu huyu ataka kujua nini? Mwisho kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili, kwa ukurasa mmoja, swali la pili ambalo amelisikia kwa mgonjwa wa kwao, bila kutaja jina la mtu. Kurasa hizo zikikusanywa kwa uangalifu, chuo kitakuwa na kitabu chake chenyewe, kilichoandikwa na wale watakaosimama kando ya kitanda. Nami nadhani kitabu hicho kitatufaa kuliko kile cha mwaka 1937.