"Ufunguo wa Mwisho" ni wa Nani?

Katika chumba cha kompyuta cha idara yetu kuna kijitabu cha mafunzo ya hifadhidata kilichoandikwa kwa Kiswahili, ambacho wanafunzi wa leksikografia hukitumia wanapotunga kamusi ndogo ya darasa. Kijitabu hicho kinastahili pongezi. Jedwali, safu na rekodi zimeelezwa kwa lugha nyepesi, wala mwandishi hakumtupia msomaji Kiingereza kila mstari. Nung'uniko langu ni juu ya sentensi moja tu: "Baada ya kuingiza rekodi, chukua ufunguo wa mwisho."

Tukumbuke kwanza ufunguo ni wa kazi gani. Katika kamusi yetu vidahizo vimo katika jedwali moja na fasili katika jingine. Neno lenyewe haliwezi kuwa utambulisho, kwa kuwa kaa wa pwani, kaa la moto na kitenzi kaa huandikwa sawasawa. Kwa hiyo hifadhidata yenyewe hukipa kila kidahizo namba, na namba hiyo ndiyo huandikwa kando ya fasili ili viwili hivyo visipotezane. (Neno ufunguo silipendi sana, maana hapa hakifunguliwi kitu, lakini limeshazoeleka.)

Wanafunzi waliifuata sentensi ile kama ilivyo: wakaiomba kompyuta namba iliyo kubwa kuliko zote. Alipofanya kazi mtu mmoja, mambo yalikuwa shwari. Siku walipoketi wawili, mmoja aliingiza kaa, akapewa 41. Kabla hajaiuliza namba yake, mwenzake akaingiza paa, akapewa 42. Yule wa kwanza akauliza, akajibiwa 42, akaibandika fasili yake hapo. Paa wetu akaota magando! Kompyuta haikulalamika, kwa sababu 42 ni namba halali. Kosa lilionekana wakati wa kusoma prufu, ikatubidi kupitia upya fasili zote za wiki ile.

Mtaalamu wa kompyuta atasema hili ni kosa la programu. Mimi nasema ni la lugha pia. MySQL ina LAST_INSERT_ID(), na nadhani jina hilo ndilo lililomponza mwandishi wetu. Lakini yenyewe hutunza namba ya kila muunganisho peke yake, hivyo anachoingiza jirani hakinihusu. Tena ukiingiza rekodi kadhaa kwa amri moja, hukurudishia namba ya rekodi ya kwanza kati ya hizo, si ya mwisho. Jina la Kiingereza lina kasoro, nasi tukalitafsiri pamoja na kasoro yake. PostgreSQL, tangu toleo la 8.2 la mwaka 2006, ina RETURNING, ambayo huandikwa ndani ya amri ile ile ya kuingiza, na namba hurudi papo hapo.

Kivumishi cha a-unganifu, "wa mwisho", hakina nafsi. Kitenzi chetu kinayo. Ningeandika: "Chukua ufunguo uliozalishwa kwa rekodi uliyoingiza." Katika "uliyoingiza", kiambishi u- kinamtaja mwenye rekodi, na mwanafunzi hawezi kudhani kwamba namba ya jirani inamfaa. Sentensi imerefuka kidogo, nakubali.

Nakala ya chumba cha kompyuta nimeshaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Wenye nakala zao wazilete ofisini.