Imla na Mwanafunzi "Asiyesikia"

Katika Kiswahili, kitenzi "kusikia" kina maana mbili: kupokea sauti kwa masikio, na kutii. Mtoto mkaidi tunasema "hasikii", kisha tunaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Makala haya yanadai kwamba sisi walimu wa Kiswahili tumezichanganya maana hizo darasani, na kwamba zoezi letu la imla linatusaidia kulificha kosa hilo.

Tuanze na somo la fonetiki. Wanafunzi wetu hukariri vizuri mahali pa kutamkia: /f/ ni kikwamizo cha midomo na meno, /s/ ni cha ufizi. Lakini fonetiki masikizi huguswa kwa aya moja, kana kwamba kila sauti iliyotamkwa imekwisha kusikika. Sivyo. Irabu zina nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini ya hezi 1000. Sauti /f/ ni hafifu mno, na nishati ya /s/ hukusanyika zaidi juu ya hezi 4000. Simu za zamani zilibeba takriban hezi 300 hadi 3400 tu; ndiyo maana mtu alipotaja jina ililazimu kumuuliza, "Ni F au S?"

Aliyepoteza usikivu wa sauti nyembamba, yaani zile za masafa ya juu, anaishi na simu hiyo sikioni. Ndani ya koklea mna seli zenye vinywele. Zile zinazopokea masafa ya juu aghalabu huharibika kwanza, iwe kwa kelele, uzee au dawa kama streptomisini, wala hazioti tena. Mtu huyu anajua kwamba umesema. Asichokipata ni konsonanti. "Fuka", "suka" na "shuka" kwake hukaribia kuwa neno moja. Hatari zaidi ni "atafika" na "hatafika": kinachoyatenganisha ni /h/ peke yake, pumzi ndogo iliyobeba ukanushi wote.

Sisi huku Uganda tukiona makosa hayo huandika pembeni: "athari za lugha mama". Mara nyingine ni kweli. Katika Luganda /l/ na /r/ ni alofoni, na /h/ ni nadra. Lakini Luganda hutofautisha /f/ na /s/ waziwazi. Basi Mganda anayeandika "suka" palipotamkwa "fuka" hawezi kusingiziwa lugha ya mama yake. Tumeufanya mwavuli huo kuwa mpana mno.

Nami nimekosa. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeketi mbele daima. Nilipowaelekea alipata maneno mengi. Nilipogeukia ubao huku nikisoma, daftari lake liliharibika. Muhula mzima nilimwandikia "Uwe makini". Kumbe alikuwa makini kuliko darasa zima: alikuwa akisoma midomo yangu. Alama nilizomnyima sikuweza kumrudishia.

Watakuwapo watakaosema kwamba imla ndiyo njia ya kupima usikilizaji. Ni sawa, lakini hupima masikio kabla ya kupima lugha, na alama inayotoka haituelezi ni kipi kilichoshindwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa usikivu. Tusidhani hakuna hata mmoja katika madarasa yetu.

Lipo jaribio jepesi lililoanzishwa na Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya viziwi. Siku hizi lina sauti sita: m, u, i, a, sh, s. Zote ni za Kiswahili. Mwalimu huficha mdomo, hutamka moja moja kwa sauti ya kawaida, na mwanafunzi huzirudia. Si kipimo cha daktari, lakini anayekosa sh na s mara kwa mara apelekwe hospitali. Pengine ni usaha au nta, na hivyo hutibika.

Aidha, tusome imla tukiwa tumelielekea darasa, na tutumie sentensi kamili badala ya maneno pweke, ili muktadha umsaidie msikilizaji. Na kabla ya kuandika "athari za lugha mama", tulinganishe kwanza kosa na lugha yenyewe. Haya hayahitaji bajeti wala ruhusa ya mtu, na yanaweza kuanza katika imla ijayo.