Tumbaku Isiyouma Ulimi

Nilikuwa na miaka 27 nilipomwona kwa mara ya kwanza mtu akiifurahia tumbaku. Kabla ya hapo nilikuwa nimeiona ikisiwa kitaluni, ikihamishiwa shambani, ikikatwa maua, ikichumwa, ikikaushwa, ikiteuliwa, ikifungwa marobota na kupigiwa bei. Nimezaliwa Urambo, mkoani Tabora, katika nyumba ambayo karo, mabati na hata dawa ya malaria vilitoka kwenye jani hilo moja. Baba hakuvuta, na hakutaka mvutaji asogee karibu na bani lake. Majirani waliovuta walivuta sigara za dukani, harakaharaka, kama mtu anayemeza kidonge ili arudi kazini.

Huyo niliyemwona akifurahia alikuwa mzee mwenye nyumba niliyopanga Lexington, Kentucky, nilipokwenda kusoma. Kila jioni alikaa barazani na kiko cha gunzi la mahindi. Ndiyo, gunzi hilihili tunalowashia moto: kule Missouri wanalichonga, wanalitia mrija na kuliuza, na biashara hiyo inaendelea tangu 1869. Pembeni yake palikuwa na pakiti nyekundu yenye picha ya bwana mmoja aliyevaa koti refu, jina lake Prince Albert. Mzee alijaza kiko, akawasha, moto ukazima, akashindilia kidogo kwa kidole, akawasha tena. Kisha kwa dakika arobaini hivi hakufanya kitu kingine chochote. Hakuwa na simu wala gazeti. Nilimtazama kama mtu anayemwona mgeni akila mbegu alizopewa akapande.

Siku ya tatu akanipa kiko cha pili, kipya. Haya ninayoandika ni tathmini ya kile nilichovuta siku hiyo na jioni nyingi zilizofuata.

Niseme kwanza ni jani gani. Tumbaku tunayoifahamu zaidi Tabora ni ya mvuke: jani la Virginia linaingizwa banini, moto unachochewa nje, joto linapita kwenye mabomba, na kwa siku chache tu jani linakauka likiwa la manjano na sukari yake ikiwa bado ndani. Ya Songea ni ya moshi. Burley ni ya hewa. Wanakata mche mzima, wanauchoma kwenye mti na kuuning'iniza kwenye banda lenye matundu, basi. Wiki nne, sita, hata nane, jani linajikausha lenyewe polepole, na katika polepole hiyo linakula karibu sukari yake yote. Linatoka la kahawia, jepesi, lenye vinyweleo wazi kama sponji. Ndiyo maana watengenezaji wanalipenda: ukilinyunyizia kakao au asali, linanywa.

Sasa ladha. Wapenzi wa kiko wana lugha yao ya kusifia, na nusu yake ni majigambo. Utasoma habari za matunda ambayo hata mwandishi hajawahi kuyaonja. Mimi nitasema nilichokikuta. Pakiti ikifunguliwa inatoa harufu ya kakao kavu, ile ya kopo lililobaki robo. Ukiwasha, kakao inaondoka upesi na kuacha kitu kinachofanana na maganda ya karanga zilizokaangwa, au gunia la karanga siku linapofunguliwa baada ya miezi ghalani. Nyuma yake kuna kaukavu fulani, kama ukoko wa mkate. Hakuna utamu wa kukurukia. Virginia, kwa sababu ya sukari yake, ukiivuta kwa pupa inaungua kwa joto kali na kukuchoma ulimi hadi kesho yake chai inakuuma. Burley hii inakusamehe. Katikati ya kiko ni kama mwanzoni, na mwishoni ni kama katikati.

Hapo ndipo wakosoaji wake wanapoiponda. Wanasema haina safari, haibadiliki, ni tumbaku ya wazee wasio na hamu ya kujua. Ni kweli haibadiliki. Lakini naona wanaikosoa kwa kipimo cha kitu kingine, kama mtu anayelalamika kwamba ugali hauna iliki. Kuna vitu ambavyo kazi yake ni kukushangaza, na kuna vitu ambavyo kazi yake ni kukaa pembeni wakati wewe unafikiri, unasikiliza, au umenyamaza na mtu. Mzee yule aliweza kunisimulia mwaka mzima wa shamba bila kiko kumdai chochote. Tumbaku yenye madoido ingemkatiza kila sentensi. Kuwa wa kawaida bila kuchosha ni kazi ngumu, muulize mpishi yeyote wa wali mweupe.

Kwa hiyo kwa upande wa ufundi nimeshatoa hukumu: Prince Albert ni tumbaku nzuri, na wanaoidharau wanaidharau kwa sababu ni ya bei nafuu na inauzwa kila mahali.

Lakini mimi siwezi kuishia kwenye ufundi. Wavutaji wanaisifu kwamba ni pole. Kwa Kiswahili neno hilo lina sura mbili: ni sifa ya mtu asiye na ukali, na ndilo tunalomwambia aliyechoka. Pole na kazi. Kila niliposikia sifa ile ya kwanza, sikio langu lilikuwa linaitafuta ya pili.

Jani lenyewe lilipatikana 1864, kwenye shamba moja Ohio, ng'ambo ya mto kutoka Kentucky. George Webb na Joseph Fore, waliokuwa wakilima shamba la mtu, walisia mbegu na kukuta baadhi ya miche ni myeupe-myeupe kama imeugua. Miche hiyo ilipoachwa ikue, ikatoa jani jepesi lililokausha vizuri, na miaka michache baadaye likawa limetapakaa. Kwa hiyo kitu kinachoitwa cha kimila kilianza kama mche uliodhaniwa mgonjwa, mikononi mwa watu wasio na shamba lao.

Prince Albert ilitoka 1907, kutoka kampuni ya R.J. Reynolds ya North Carolina, ikapewa jina la mtu ambaye kufikia wakati huo alikuwa tayari Mfalme Edward VII. Matangazo yaliahidi kwamba haiumi ulimi, na kopo lilibeba tarehe ya hataza ya utaratibu wa kuitengeneza, Julai 30, 1907. Waliita furaha ya taifa. Sasa sikiliza mwaka uliofuata. Reynolds wakati huo ilikuwa chini ya American Tobacco Company, dubwana lililonunua karibu jani lote na kupanga bei litakavyo. Mwaka 1908 wakulima wa burley wa Kentucky walikubaliana wasipande. Hawakupunguza ekari, wengi wao waliacha mashamba bila tumbaku msimu mzima ili bei ipande. Waliokaidi walitembelewa usiku na wapanda farasi, wengine wakachomewa mabanda. Mahakama Kuu ya Marekani ililivunja lile dubwana 1911. Ukichukua kopo la miaka ile ukalitazama, bwana wa koti refu ametulia na fimbo yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nampa pongezi mchoraji.

Mzee wangu hakuwa na haja ya kusoma hayo kitabuni. Alilima burley mpaka 2004, serikali yao ilipofuta mfumo wa mgawo na kuwalipa wakulima fidia. Alinionyesha banda lake, jeusi, refu, milango myembamba ya hewa imeachwa wazi, ndani hakuna kitu isipokuwa trekta bovu. Nikasimama chini ya nguzo nikavuta pumzi. Harufu ilikuwa bado iko kwenye mbao. Yeye akasema kampuni siku hizi zinanunua Brazil na Malawi, na akanitazama kama vile Malawi ni kijiji cha jirani kwetu. Hakukosea sana.

Burley ya Tanzania ni kidogo. Malawi ndiyo nchi ambayo jani hili limeishika shingoni. Wakati wa Kamuzu Banda, kulima burley ilikuwa haki ya mashamba makubwa yenye leseni; mkulima mdogo aliruhusiwa kuanzia miaka ya 1990. Kwenye mashamba hayo makubwa familia nzima ilihamia na kulima kwa mkopo wa chakula na mbolea, na mwisho wa msimu mwenye shamba akakata chake kwanza. Novemba 2019 Marekani iliamuru tumbaku ya Malawi izuiwe bandarini kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa na ajira ya watoto. Siwezi kusema kilichomo kwenye pakiti ya mzee kilitoka kwa mtoto gani au kwa mtu mzima gani. Pakiti haisemi. Na hilo ni sehemu ya ladha yake pole: imekatwa laini sana, hakuna jani linaloonekana tena, hakuna mshipa, hakuna mkono.

Kuna jambo la mwisho kuhusu upole huo, na ni la kikemia. Moshi wa burley ya kiko hauna asidi kama wa Virginia, kwa hiyo nikotini hupenya kwenye kuta za kinywa hata usipouvuta mapafuni. Ladha ni ya upole, dozi si ya upole. Kiko changu cha kwanza nilikimaliza kwa heshima, nikasimama, baraza ikaanza kuzunguka. Jasho baridi likanitoka kwapani na mate yakajaa mdomoni. Mzee akacheka, akaleta kipande cha mkate. Lakini mimi sikuwa nacheka, kwa sababu hali ile nilikuwa naijua vizuri.

Niliijua tangu darasa la tano. Majani yanachumwa alfajiri, umande ukiwa bado umekaa, na unayabeba kwapani. Shati linalowa, utomvu unanata. Saa tatu kichwa kinauma, saa nne unatapika pembeni ya shamba, na wakubwa wanasema umeamka bila kula. Hakuna aliyetuambia kwamba nikotini inapita kwenye ngozi yenye maji. Kumbe kabla ya kiko chochote nilikuwa nimeshavuta tumbaku kwa mwili mzima, bila moshi, bila karanga wala kakao. Nilikuwa nimepewa dozi bila starehe. Sasa barazani Lexington nikapewa starehe na dozi pamoja, na mwili wangu ukaunganisha mambo mawili ambayo mfumo mzima umejengwa ili yasikutane.

Niliendelea kuvuta. Sitajifanya mtakatifu. Ninajua kiko kinaleta saratani ya kinywa kama sigara inavyoleta yake, na ninajua niliyoyaandika hapo juu. Jioni zile zilikuwa nzuri. Nikikaa mbele ya meza leo nikajaribu kukumbuka mwaka wa pili wa masomo, kinachorudi kwanza ni ile harufu ya gunia la karanga, na mzee akisema tena habari za mvua ya 1974.

Niliporudi nyumbani nilimpelekea baba pakiti moja. Alikuwa amekaa chini ya mwembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nini hicho?"

Hakuinusa kwanza. Alichukua kidogo kwa vidole vitatu, akaisugua karibu na sikio, kama wateuzi wanavyosikiliza unyevu. Akaitandaza kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga.

"Imekatwakatwa hii. Huwezi kujua daraja lake." Ndipo akainusa. "Wameipikia kitu."

"Kakao. Jani lenyewe halina sukari, baba. Wanaliacha lining'inie tu kwenye hewa."

"Bila moto?"

"Bila moto."

Akafikiri. Miaka thelathini amekesha na moto, anaamka saa nane usiku kutazama kipimajoto, na miti yote ya upande wa mashariki wa kijiji chetu iliishia kwenye tanuri za mabani. "Wenzetu wanalala," akasema. Kisha: "Wewe umeivuta?"

"Nimeivuta."

"Inakusaidia nini?"

Nilijaribu kumweleza. Nilisema inatuliza, nikasema inampa mtu sababu ya kukaa. Nilisema ina harufu ya karanga. Aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia maelezo ya mnunuzi siku ya soko, kwa adabu, akisubiri kufika kwenye jambo lenyewe.

"Bei gani?"

Ilikuwa pakiti ya gramu 42. Nilitaja nusu ya bei niliyolipa. Akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya goti, pakiti ngapi zinafanya kilo, midomo ikicheza bila sauti, akafika mahali akasimama.

"Umesema gramu arobaini au mia nne?"

"Arobaini, baba."

Alikunja mdomo wa pakiti mara mbili, taratibu, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kesho yake asubuhi, alisema, ataipitisha chamani, wenzake nao waione.