Kipimo cha Dawa

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo tunalijua tangu utotoni. Lakini dawa ina kipimo, na hapa Dar es Salaam yupo mama mmoja ambaye kazi yake ni kukipima. Alikuwa mtunza hesabu wa SACCOS hadi alipostaafu. Sasa waliolemewa na madeni humfuata nyumbani kwake jioni.

Nilimpelekea mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amekopa kausha damu: achukue shilingi 500,000, mwezi ukiisha arudishe 650,000. Kadi yake ya benki na namba ya siri vilikuwa kwa mkopeshaji, hivyo mshahara ulipoingia, mkopeshaji ndiye aliyetangulia kuuchukua.

Tulimwamkia, akaitikia, akatumiminia chai. Hakuuliza kwa nini mdogo wangu alikopa. Alifungua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula na kupata safu tano: anayedai, kilichokopwa, riba, kilicholipwa, kilichobaki. Akataka kila karatasi na kila ujumbe wa mikopo ya simu. Hata 18,000 za dukani kwa Mangi ziliandikwa.

"Deni dogo ndilo linalokufanya upite njia ya nyuma, mwanangu," alisema.

Kisha akarudi safu ya nne. Kwa miezi minne mdogo wangu alikuwa ametoa 150,000 kila mwezi, riba tu. Mama alijumlisha kwa sauti, taratibu, akaandika 600,000. Kwenye safu ya tano akaandika 500,000. Akaligeuza daftari na kunyamaza. Mdogo wangu alizitazama zile namba mbili: amekwisha toa zaidi ya alichochukua, na mtaji wa watu haujapungua hata shilingi. Hakuna mahubiri ambayo yangemfikia kama ule ukimya.

Mimi nilishauri akope kwingine, amalize. Mama akatikisa kichwa. "Ndoo inavuja, nawe unaleta maji?" Kwanza akampeleka benki kubadili namba ya siri na kuomba kadi mpya. Siku hiyohiyo, bila kusubiri kutafutwa, tukaenda wote kwa mkopeshaji. Yule bwana alifoka. Mama alimwacha amalize, kisha akamwekea daftari mbele, kidole kwenye safu ya nne. Akamkumbusha kwa upole kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Wakakubaliana riba isimame na 500,000 zilipwe kwa miezi mitano. Maandishi yalisainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila upande ukabaki na nakala.

Nilimuuliza yule mama kwa nini 100,000 kwa mwezi, wakati mdogo wangu alikuwa akitoa 150,000. Akanionyesha ukurasa mwingine: nauli ya daladala, unga, mkaa, ada ya mtoto. "Mpango unaomnyima mtu nauli huvunjika mwezi wa pili, na akivunja mara moja, ataona haya kurudi kwangu."

Hapo ndipo nilipouona ufundi wake. Anamhesabia mtu deni lake, na anamhesabia pia chakula chake.

Mwezi wa tano tulirudi na risiti ya mwisho. Mama aliisoma mara mbili, akaweka rula juu ya mstari wa deni lile daftarini, akaishikilia isiteleze, na kalamu nyekundu akampa mdogo wangu.