Nyumba moja, sinema mbili

Mwaka 2013 watu wa sinema wa Marekani walisimulia hadithi moja mara mbili. Mwezi wa tatu ilitoka Olympus Has Fallen ya Antoine Fuqua. Mwezi wa sita ikafuata White House Down ya Roland Emmerich. Katika zote mbili magaidi wanaiteka Nyumba Nyeupe, makao ya Rais pale Washington. Rais amo ndani, mtoto mmoja amejificha humo humo, na mtu mmoja tu anapigana nao chumba kwa chumba. Aliyeona moja hudhani ameziona zote. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipozitazama siku mbili mfululizo.

Mambo ya juu juu tuyapite upesi. Ya Emmerich iligharimu yapata dola milioni 150, ya Fuqua yapata 70, nayo hii ya bei ndogo ndiyo inayotia hofu zaidi. Ile nyingine ni ya kuchekesha: gari la Rais linazungukazunguka uwanjani likimiminiwa risasi, kama mbuzi aliyekatika kamba.

Lakini tazameni fundo lenyewe. Kwa Fuqua, magaidi wa Kikorea wanataka namba tatu za siri, kila moja imo kichwani mwa mtu wake. Waziri wa ulinzi, mama mtu mzima, anapigwa mateke sakafuni. Rais Asher hawezi kuvumilia. Anamwamuru aitaje namba yake, maana anajiambia kwamba ya kwake mwenyewe hawataipata kamwe. Ni huruma, ndiyo, lakini yenye hesabu, na hesabu ilikosewa: adui wakaitafuta ya tatu kwa mitambo yao, wakaipata.

Kwa Emmerich, Rais Sawyer yuko mafichoni. Anasikia kwamba msichana Emily, binti wa askari John Cale, atauawa. Basi anatoka, anajitoa mwenyewe. Kisha wanamwelekezea mtoto bastola ili Rais afungue mabomu ya atomi. Hapo anakataa, mtoto akimtazama. Uhai wake aliutoa upesi; wa mamilioni ya watu hakuona kama ni mali yake. Sijaona katika sinema ya risasi na moto mahali pazito kuliko hapo. Ni hasara kwamba Emmerich hakuthubutu kukawia: mara Rais anapigwa risasi, na kumbe saa ya mfukoni imeizuia! Tukarudi kwenye mchezo.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonisumbua. Mike Banning, shujaa wa Fuqua, anawakamata adui wawili na kuwafunga. Anataka habari. Mmoja anamchoma kisu cha shingo mbele ya mwenzake, ili huyo wa pili aseme. Vijana tuliokaa nao walipiga makofi. Mama yule alipoteswa walinyamaza wakakunja uso. Lakini ni tendo lile lile: mtu asiye na mikono ya kujitetea anaumizwa ili siri itoke. Fuqua ameweka matendo hayo mawili karibu karibu, wala hakuna mtu mmoja ndani ya hadithi anayeshtuka. Cale naye anaua wengi, tusimsifu kupita kiasi, lakini kazi ya kisu namna ile hakupewa.

Kwa hiyo naipenda zaidi ile ya kipuuzi. Watazamaji walichagua vingine: Cale hakurudi tena, na Banning alirudi mwaka 2016 katika London Has Fallen, na tena mwaka 2019. Katika ile ya London anamwua mtu polepole kwa kisu, ndugu wa marehemu akisikia yote kwa redio. Safari hii Rais mwenyewe anamwuliza kama ilikuwa lazima. Banning anajibu kwamba haikuwa.